Abdus Salam

Abdus Salam (29 Januari 1926 – 21 Novemba 1996) alikuwa mwanafizikia wa nadharia kutoka nchini Pakistan. Mwaka 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Wamarekani Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa mchango wao katika nadharia inayounganisha kani dhaifu ya kinyuklia na kani ya sumakuumeme. Alikuwa Mpakistani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel.

Salam alifundisha Lahore, Cambridge na London. Mwaka 1964 alianzisha mjini Trieste, Italia, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (kifupi: ICTP), ambacho hupokea wanasayansi kutoka nchi zinazoendelea. Wazo la kituo hicho lilitokana na mambo yaliyompata mwenyewe. Mwaka 1954 aliondoka nchini kwake kwa sababu, pamoja na mambo mengine, hakuweza kubaki huko na kuendelea kuwa mtafiti. Tangu hapo alijitahidi ili wengine wasilazimike kuchagua kati ya nchi yao na sayansi.

Utoto

Salam alizaliwa katika jimbo la Punjab, wakati Pakistan ya leo ilikuwa bado sehemu ya Uhindi chini ya utawala wa Waingereza. Alikulia Jhang, mji mdogo katika wilaya maskini ya wakulima karibu na mto Chenab. Baba yake, Chaudhry Muhammad Hussain, alikuwa mwalimu na baadaye ofisa katika idara ya elimu ya Punjab. Familia haikuwa tajiri, lakini elimu iliheshimiwa sana nyumbani, na baba alifuatilia masomo ya mwanawe kwa karibu.

Salam alipenda kusimulia kisa kimoja cha darasani Jhang. Siku moja mwalimu aliwafundisha wanafunzi kuhusu kani za maumbile. Alianza na uvutano, ambao kila mtu aliujua, kwa kuwa jina la Newton lilikuwa limefika hata Jhang. Kisha akazungumzia usumakunishi, akawaonyesha sumaku. Alipofika kwenye umeme, aliwaambia kwamba kitu hicho hakipatikani Jhang bali Lahore, mji mkuu wa jimbo. Kuhusu kani ya kinyuklia, alisema hiyo inapatikana Ulaya tu, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kujisumbua nayo.

Salam alikisimulia kisa hiki kwa kicheko, lakini alitaka wasikilizaji waone jambo ndani yake. Kani ni zilezile kila mahali duniani, ila nafasi ya kuzichunguza haikugawanywa sawasawa. Mtoto wa Jhang aliyekuwa na udadisi alipaswa kusafiri mbali ili kuufuata.

Masomo Lahore

Akiwa na umri wa miaka 14, Salam alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab na kupata alama za juu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa katika mtihani huo. Aliporudi nyumbani kwa baiskeli, watu wa Jhang walitoka kumpokea. Kwa matokeo hayo alipewa ufadhili wa kusoma katika Government College ya Lahore.

Huko alichagua hisabati. Mmoja wa walimu wake alikuwa Sarvadaman Chowla, mtaalamu wa nadharia ya namba. Chowla aliwapa wanafunzi tatizo lililowahi kushughulikiwa na Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati mashuhuri wa Uhindi, kuhusu kundi la milinganyo inayopaswa kutatuliwa kwa pamoja. Salam alipata njia fupi zaidi ya kulitatua, na mwaka 1943 njia hiyo ilichapishwa kama makala yake ya kwanza ya kitaalamu. Alikuwa na umri wa miaka 17. Mwaka 1946 alipata shahada ya uzamili katika hisabati.

Familia yake ilitarajia kwamba angefanya mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ya Uhindi. Kazi hiyo ilikuwa na heshima na mshahara mzuri kuliko nyingine zilizokuwa wazi kwa kijana msomi wa wakati ule. Lakini mitihani hiyo ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wakati huohuo serikali ya jimbo ilikuwa na fedha zilizochangwa kwa ajili ya vita na kubaki baada ya vita kwisha. Ziliamuliwa zitumike kuwasomesha ng'ambo watoto wa wakulima wadogo. Salam alipata ufadhili huo, na mwaka 1946 akasafiri kwa meli kwenda Uingereza. Mwaka uliofuata Uhindi uligawanyika, Pakistan ikazaliwa, na mpango wa ufadhili ukaisha. Salam mwenyewe alikuwa akisema kwamba bila mfululizo huu wa bahati asingekuwa mwanafizikia.

Cambridge

Salam alijiunga na Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1949 alimaliza akiwa na daraja la kwanza katika hisabati na pia katika fizikia. Mwanafunzi mwenye matokeo kama hayo alitarajiwa kuendelea na fizikia ya majaribio katika Maabara ya Cavendish, naye alijaribu. Lakini kazi ya maabara ilihitaji kurudia vipimo kwa subira kwa muda mrefu, na Salam aliona kwamba hana subira hiyo. Akahamia upande wa nadharia, chini ya usimamizi wa Nicholas Kemmer.

Wakati huo wanafizikia walikuwa na tatizo kubwa. Nadharia ya kwanta kuhusu elektroni na mwanga ilitoa majibu sahihi katika hesabu za kwanza, lakini hesabu za kina zaidi zilileta namba zisizo na kikomo, yaani majibu yasiyo na maana. Mnamo mwisho wa miaka ya 1940 Sin-Itiro Tomonaga, Julian Schwinger, Richard Feynman na Freeman Dyson walionyesha jinsi ya kuziondoa namba hizo kwa utaratibu maalumu. Swali lililobaki lilikuwa kama njia hiyo ingefaa pia kwa mesoni, chembe zilizodhaniwa kubeba kani ndani ya kiini cha atomu.

Paul Matthews, aliyekuwa akimalizia masomo yake ya uzamivu hapo Cambridge, alikuwa ameanza kazi hiyo na akamwachia Salam sehemu ngumu iliyobaki. Salam aliimaliza katika muda wa miezi michache ya mwaka 1950. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Smith ya Cambridge. Tasnifu yake ya uzamivu ilipochapishwa mwaka 1951, jina lake lilikuwa tayari linajulikana miongoni mwa wataalamu wa nchi mbalimbali. Alikaa pia kwa muda katika Taasisi ya Masomo ya Juu mjini Princeton, Marekani.

Kurudi Lahore

Mwaka 1951 Salam alirudi Pakistan kuwa profesa wa hisabati katika Government College ya Lahore, alikosoma zamani. Mwaka 1952 akawa pia mkuu wa idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Punjab. Alikuwa na umri wa miaka 26. Nia yake ilikuwa kuanzisha kundi la watafiti nchini kwake.

Mambo hayakwenda hivyo. Hapakuwa na desturi ya utafiti wa fizikia ya nadharia chuoni, majarida mapya hayakufika, na hapakuwa na mtu wa karibu wa kujadiliana naye. Salam alisimulia baadaye kwamba mkuu wake alimshauri asahau utafiti, akampa kazi tatu za ziada achague moja: kuwa msimamizi wa bweni, kuwa mhasibu mkuu wa chuo, au kuwa rais wa klabu ya kandanda. Alichagua kandanda. Katika miaka hiyo Wolfgang Pauli, mmoja wa waasisi wa fizikia ya kwanta, alifika Bombay na kumwalika. Salam alisafiri kwenda kuonana naye kwa sababu alikuwa na kiu ya mazungumzo ya kitaalamu, na aliporudi alijikuta matatani kazini kwa kuondoka bila ruhusa.

Mwanafizikia wa nadharia hahitaji mitambo ya gharama kubwa. Anahitaji karatasi, kalamu, majarida na watu wa kumkosoa. Alichokosa Salam huko Lahore ni watu na majarida. Aliona kwamba akibaki, baada ya miaka michache elimu yake ingekuwa imepitwa na wakati, na hata ufundishaji wake ungedhoofika.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Familia yake ilikuwa ya jumuiya ya Ahmadiyya, iliyoanzishwa na Mirza Ghulam Ahmad huko Punjab mwaka 1889. Waahmadiyya hujiita Waislamu, lakini Waislamu wengine walio wengi hawawakubali kutokana na mafundisho yao juu ya cheo cha mwanzilishi wao. Mwaka 1953 ghasia dhidi ya Waahmadiyya zilitokea Punjab, watu wakauawa, na jeshi likachukua madaraka mjini Lahore.

Mwaka 1954 Salam alikubali kazi ya mhadhiri huko Cambridge. Hakuwahi tena kuishi Pakistan kwa kudumu.

Mwalimu na mtafiti Uingereza

Mwaka 1957 Salam alikuwa profesa wa fizikia ya nadharia katika Imperial College, London. Pamoja na Paul Matthews alijenga hapo idara iliyovutia watafiti kutoka nchi nyingi. Mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 33, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi ya Uingereza.

Baadhi ya wanafunzi wake walipata umaarufu wao wenyewe:

- Ronald Shaw, akiwa mwanafunzi wake Cambridge, aligundua kwa njia yake mwenyewe aina ya nadharia ambayo Chen Ning Yang na Robert Mills waliitangaza mwaka 1954. Leo nadharia za aina hiyo ni msingi wa fizikia yote ya chembe.
- Walter Gilbert alipata shahada ya uzamivu wa fizikia chini ya Salam mwaka 1957. Baadaye alihamia biolojia, na mwaka 1980 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia.
- Yuval Ne'eman alikuwa ofisa wa jeshi la Israeli katika ubalozi wa nchi yake mjini London alipomwendea Salam kuomba kusoma. Mwaka 1961 alipata njia ya kupanga chembe katika makundi kufuatana na ulinganifu wao, sawa na Murray Gell-Mann aliyeifikia kivyake huko Marekani.
- Riazuddin, Mpakistani, alirudi nyumbani na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa fizikia ya nadharia nchini Pakistan.

Salam alijulikana kwa kutoa mawazo mengi kwa haraka. Mengi yalikuwa na makosa, naye aliyaacha bila kinyongo, lakini machache yalikuwa na thamani kubwa. Alianza kazi alfajiri, na alipendelea matatizo yanayohusu ulinganifu, yaani hali ambapo sheria ya maumbile inabaki ileile hata vitu vikigeuzwa.

Somo la nyutrino

Mnamo Septemba 1956 Salam alimsikia Yang akieleza huko Seattle, Marekani, uwezekano wa jambo la ajabu: huenda kani dhaifu haifuati ulinganifu wa kushoto na kulia, yaani tukio na taswira yake ya kwenye kioo si sawa mbele ya kani hiyo. Usiku, katika ndege ya kurudi London, Salam alikumbuka swali aliloulizwa na Rudolf Peierls kwenye mtihani wake wa uzamivu: kwa nini nyutrino haina masi? Aliona kwamba, kama ulinganifu wa kioo umevunjika, swali hilo lingepata jibu, kwa kuwa nyutrino ingekuwa chembe inayozunguka kwa upande mmoja tu.

Alimpelekea Pauli wazo hilo. Pauli hakuamini kwamba maumbile yanaweza kutofautisha kushoto na kulia, akamshauri atafute wazo bora zaidi. Salam akasita kuchapisha. Mnamo Januari 1957 jaribio lililoongozwa na Chien-Shiung Wu nchini Marekani lilithibitisha kwamba ulinganifu wa kioo haufuatwi. Kufikia hapo Tsung-Dao Lee na Yang kwa upande mmoja, na Lev Landau kwa upande mwingine, walikuwa wamelifikia wazo lilelile. Salam alikieleza kisa hiki hata katika mhadhara wake wa Nobel. Vijana wengi waliokisikia walijifunza kwamba heshima kwa mkubwa isimzuie mtu kutangaza hoja yake.

Wataalamu walikuja kugundua baadaye kwamba nyutrino zina masi ndogo mno, lakini zile zinazoshiriki katika kani dhaifu huzunguka kwa upande mmoja kama Salam alivyodhani.

Kuunganisha kani mbili

Fizikia inatambua kani nne za msingi:

- Uvutano huvuta vitu vyote vyenye masi.
- Kani ya sumakuumeme hushikilia elektroni ndani ya atomu, na mwanga pia ni sehemu yake.
- Kani kali ya kinyuklia hushikilia protoni na nyutroni ndani ya kiini.
- Kani dhaifu ya kinyuklia inaweza kugeuza nyutroni kuwa protoni. Ndiyo sababu ya aina moja ya unururifu, na bila hiyo Jua lisingeweza kuanza kuunguza hidrojeni yake.

Kani dhaifu na sumakuumeme zinaonekana kuwa tofauti kabisa. Sumakuumeme hufika mbali bila kikomo, wakati kani dhaifu hufanya kazi katika umbali ulio mdogo hata kuliko protoni. Hata hivyo Salam aliona dalili kwamba hizi ni sura mbili za kitu kimoja. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi pamoja na John Ward, na mwaka 1964 walitoa makala kuhusu muungano wa aina hiyo. Glashow alikuwa ametoa pendekezo la namna hiyo mwaka 1961.

Kikwazo kilikuwa masi. Kani ya sumakuumeme hubebwa na fotoni, ambayo haina masi. Ili kani dhaifu iwe ya umbali mfupi, chembe zinazoibeba zilipaswa kuwa nzito sana. Lakini kuziingiza masi hizo kwenye milinganyo moja kwa moja kuliharibu ulinganifu wote. Mwaka 1964 wanafizikia kadhaa, wakiwemo Robert Brout, François Englert na Peter Higgs, walieleza jinsi chembe zinavyoweza kupata masi bila milinganyo kupoteza ulinganifu wake. Miongoni mwa walioeleza jambo hilo alikuwa Tom Kibble, aliyefanya kazi katika idara ya Salam hapo Imperial College.

Weinberg alitumia wazo hilo kwa kani dhaifu katika makala ya mwaka 1967. Salam, bila kushirikiana naye, alilifundisha katika mihadhara yake London na kulichapisha mwaka 1968. Mwanzoni kazi hizo hazikusomwa na wengi. Hali ilibadilika mwaka 1971, Mholanzi Gerard 't Hooft alipoonyesha kwamba nadharia za aina hii hazileti namba zisizo na kikomo zisizoweza kuondolewa.

Nadharia ilitabiri mambo yanayoweza kupimwa. Ilisema kwamba kani dhaifu inaweza kutenda bila kubadilisha chaji ya chembe, na mwaka 1973 jambo hilo lilionekana katika chombo cha Gargamelle huko CERN, karibu na Geneva. Ilitabiri pia chembe tatu nzito zinazoibeba kani dhaifu: mbili zinazoitwa W, moja ikiwa na chaji chanya na nyingine chaji hasi, pamoja na Z isiyo na chaji. Mwaka 1983 zote zilipatikana CERN. Chembe ya W ina masi takriban mara 86 ya protoni, na Z takriban mara 97. Bosoni ya Higgs, sehemu ya mwisho ya picha hiyo, ilipatikana CERN mwaka 2012.

Katika miaka ya 1970 Salam alijaribu kwenda hatua moja mbele, yaani kuingiza pia kani kali. Alifanya hivyo pamoja na Jogesh Pati, mzaliwa wa Uhindi. Nadharia yao ilionyesha kwamba huenda protoni yenyewe huvunjika baada ya muda mrefu mno. Wanasayansi bado wanalitafuta tukio hilo, na hadi sasa halijaonekana.

Kituo cha Trieste

Mnamo Septemba 1960 Salam aliiwakilisha Pakistan katika mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huko Vienna, Austria. Alipendekeza Umoja wa Mataifa uwe na kituo cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Wajumbe wengi wa nchi tajiri hawakupendezwa. Salam alikumbuka kwamba mmoja wao alilinganisha fizikia ya nadharia na gari la kifahari, akasema nchi hizo zinahitaji mkokoteni wa ng'ombe tu. Nchi zinazoendelea ziliunga mkono pendekezo hilo.

Italia ilijitolea kukipokea kituo kwa msaada wa Paolo Budinich, profesa wa fizikia mjini Trieste. ICTP ilifunguliwa mwaka 1964 na Salam akawa mkurugenzi wake hadi mwaka 1993. Kwa miaka hiyo yote alikuwa akisafiri kati ya London na Trieste.

Mpango wa ICTP uliobeba zaidi mawazo ya Salam ni ule wa washirika. Mtafiti anayefundisha katika chuo kikuu cha nchi yake hupewa haki ya kuja Trieste mara kadhaa katika kipindi cha miaka michache, na kila mara hukaa kwa wiki kadhaa kwa gharama ya kituo. Anasoma majarida, anakutana na wenzake, kisha anarudi kwa wanafunzi wake. Hiyo ndiyo nafasi ambayo Salam mwenyewe hakuipata alipokuwa Lahore. Nia yake haikuwa kuwahamisha wanasayansi kutoka nchi zao, bali kuwapa sababu ya kubaki bila kuachwa nyuma.

Mwaka 1983 Salam aliongoza pia kuanzishwa kwa akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, inayojulikana kwa kifupi cha TWAS, yenye makao yake Trieste.

Afrika ya Mashariki nayo imenufaika na kazi hiyo. Mwaka 2018 ICTP ilianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda katika taasisi ya utafiti wa sayansi ya msingi mjini Kigali. Taasisi hiyo hutoa masomo ya uzamili na uzamivu kwa wanafunzi wa kanda hii na kwingineko Afrika.

Tuzo ya Nobel

Salam alipokea Tuzo ya Nobel mjini Stockholm, Uswidi, tarehe 10 Desemba 1979. Alivaa kilemba na mavazi ya kwao Punjab. Sehemu yake ya fedha za tuzo aliitoa kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zinazoendelea. Kabla ya hapo alikuwa ametumia fedha za tuzo ya Atomu kwa Amani ya mwaka 1968 kuwasaidia vijana wa Pakistan kufika Trieste.

Baada ya tuzo alimtafuta Anilendra Ganguly, Mhindu aliyemfundisha hisabati Lahore kabla ya nchi kugawanyika. Mwaka 1981 alimkuta Kolkata, Uhindi, akiwa mzee na mgonjwa. Salam alimpa nishani yake aishike na kumwambia kwamba ilikuwa tunda la mafundisho yake.

Uhusiano na Pakistan

Ingawa aliishi ng'ambo, Salam aliitumikia Pakistan kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1961 alikuwa mshauri mkuu wa rais kuhusu sayansi. Alishiriki kuanzisha shirika la utafiti wa anga la nchi hiyo, na alisaidia kupeleka vijana wengi kusoma ng'ambo.

Mnamo Septemba 1974 bunge la Pakistan lilibadilisha katiba na kutamka kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam alijiuzulu ushauri wake kwa kupinga hatua hiyo. Hata hivyo hakukana uraia wake: alibaki raia wa Pakistan hadi mwisho wa maisha yake. Kwa sababu hiyo, Uingereza ilipompa cheo cha heshima mwaka 1989, ilikuwa kwa utaratibu unaotumika kwa wageni. Alisema mara nyingi kwamba imani yake ndiyo iliyomsukuma kutafuta umoja katika maumbile. Weinberg, mwenzake katika tuzo, hakuwa na imani ya dini, na wote wawili walifikia nadharia ileile.

Familia na miaka ya mwisho

Mwaka 1949 Salam alimwoa Amtul Hafeez, na mwaka 1968 akamwoa Louise Johnson, mwanabiofizikia aliyekuwa baadaye profesa Oxford. Alikuwa na watoto sita.

Katika miaka yake ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa ubongo uliodhoofisha polepole mwendo na usemi wake. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996 akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa Rabwah, Pakistan, katika makaburi ya Waahmadiyya, karibu na wazazi wake. Jiwe la kaburi lilimtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Baadaye neno "Mwislamu" lilifutwa kwa amri ya serikali ya mahali.

Kumbukumbu

Mwaka 1997 kituo cha Trieste kilipewa jina lake. Mwaka 1998 posta ya Pakistan ilitoa stempu yenye picha yake. Huko Lahore, chuo alikosomea na kufundisha, ambacho sasa ni chuo kikuu, kina shule ya sayansi za hisabati yenye jina lake. Mwaka 2020 bamba la kumbukumbu liliwekwa kwenye nyumba aliyoishi London, na mwaka 2023 Imperial College iliipa maktaba yake kuu jina la Abdus Salam.